Sanduku Liangushwe Kwanza

Sogeeni wanangu, na wewe kifungua mimba zima hiyo simu kabla sijaimeza. Leo nasema mimi. Miaka arobaini nimefokea mitambo ikanisikia, sembuse nyinyi niliowazaa!

Shule mnajua niliishia darasa la sita, na siku hiyo mwalimu alipata usingizi wake wa kwanza. Lakini hii mikono! Niliwahi kufufua redio iliyooza, ikaamka inasoma habari za kesho. Mainjinia wenye vyeti vya kutosha kuezeka nyumba walikuwa wananinong'oneza mlangoni, "Fundi, hebu tuangalizie." Ndipo kampuni kubwa ikanichukua, nikapanda, nikapanda mpaka ghorofa ya tisa, nikavishwa tai ndefu hadi nikawa naikanyaga, nikaitwa mkurugenzi.

Nikaacha. Mnajua kwa nini, au mlikuwa mnasinzia? Sanduku letu la umeme, lile la kushika mashine za hospitali umeme ukikatika, lilimponyoka mchukuzi kwenye ngazi, wakalifunga hivyo hivyo. Umeme ukakatika, nalo kimya. Mama mmoja na mtoto wake hawakutoka wodini. Wakubwa wakaniambia, "Andika kosa ni la mchukuzi." Mchukuzi! Nani hajawahi kuangusha kitu? Nikavua tai, nikaifunga kwenye kitasa cha mlango wao, nikateremka ghorofa zote tisa kwa miguu, kila ngazi na tusi lake.

Nikaanza upya jikoni kwa mama yenu, na sheria moja tu: sanduku haliendi kwa mgonjwa mpaka aliyelitengeneza alinyanyue kimo cha kifua, aliachie sakafuni, na taa yake ibaki inawaka. Watu wakatuita Kampuni ya Waangushaji. Wakacheka, wakacheka, wakanunua.

Sasa nimelala hapa miezi mitano, nasikia sheria imefutwa! Kifungua mimba wangu, msomi wangu, unamwambia dada yako, "Baba ni wa zamani, tunachubua rangi bure." Rangi! Mgonjwa anapumua rangi? Dada yako, huyu mwenye vidole vilivyoungua kwa kulehemu, akagoma, ukampeleka stoo akahesabu misumari. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini wewe unavunja la wenzio!

Usilie, binti yangu. Bado sijafa. Nikifa nitawatangazia.

Hii mashine inayonisukumia hewa mnaiona? Tangu asubuhi nimeichomoa ukutani. Inakula umeme wa sanduku jipya hilo, lenye rangi nzuri na sahihi ya kaka yenu. Haya, mwanangu, linyanyue. Kimo cha kifua. Liachie.

Mbona umelikumbatia? "Siwezi, baba." Huwezi nini? Kwa baba yako huwezi, kwa baba za watu uliweza? Yametoka mangapi hivyo? Mia mbili na kumi! Lirudishe mezani, taratibu, kama yai. Jibu umelitoa mwenyewe.

Sikilizeni. Ufunguo wa karakana uko chini ya mto wangu. Binti yangu, chukua, kampuni unaiongoza wewe. Kaka yako usimfukuze, mkono mchafu huoshwa, haukatwi. Ila hayo mia mbili na kumi atayafuata mwenyewe, hospitali kwa hospitali, abishe hodi, aseme, "Nilitoa hili bila kuliangusha." Kwa mdomo wake, si kwa barua. Nyumba ya mama yenu mtu asiiguse, hata msumari.

Ngojeni... nivute hewa. Sijawahi kuchoka, mnajua, hata ng'ombe kumi walikuwa wananiomba tupumzike... Mbarikiwe. Mikono yenu isidanganye. Mpendane, hata mkigombana.

Binti yangu, lile sanduku lako la zamani, lililobonyea pembe, si liko mlangoni hapo? Lete. Chomoa hili, unganisha lako. Eeh. Sasa linyanyue... usiniangalie mimi, angalia kazi... Liachie.

Puu! Wamesikia mpaka mtaa wa tatu.

Macho yangu hayaoni vizuri. Taa... inawaka?

Usiniambie. Napumua.