Kitovu cha Suhaib Kiko Kawe

Kijiwe cha nyuma ya soko la Mabibo kina benchi moja refu ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Alasiri utamkuta hapo Ismail, anayeitwa Redio kwa sababu redio yake haimbanduki sikioni, na Gaspar fundi mageti, anayeitwa Injinia kwa sababu hakuna kitu asichoweza kukieleza, hasa kile asichokijua. Siku hiyo Mzee Mashaka, fundi cherehani, mtu asiyeshika kizito kuliko mkasi, alitokea na jembe begani. Akakaa, akaagiza kahawa, akasubiri aulizwe. Kijiweni hawamcheleweshi mtu.

— Shikamoo mzee. Umefiwa au umepata shamba? — aliuliza Injinia.

— Marahaba. Nakwenda Kawe kuchimba dawa ya Suhaib.

Suhaib ni mjukuu wake. Alizaliwa akachelewa kulia, na hospitali wakasema ana mtindio wa ubongo. Sasa ana miaka mitano, hajasimama wala hajakaa bila kuegemezwa. Mzee Mashaka hakuwa na ombi jingine kwa Mungu ila amwone anatembea.

— Dawa gani hiyo ya kuchimba?

— Muulize Redio. Si kaniambia mwenyewe jana?

Redio akakohoa, akajiweka sawa.

— Nimesikia kwa masikio yangu. Madaktari huko nje wanafanya utafiti. Kuna vitu vinaitwa seli shina, viko kwenye damu ya kitovu cha mtoto. Zikiingia mwilini zinakwenda kutengeneza palipoharibika.

— Basi! — alidaka Mzee Mashaka. — Kitovu cha Suhaib kipo. Kilivyoanguka tu, bibi yake alikizika chini ya mnazi, kule Kawe tulikokuwa tumepanga. Shina lenyewe nalijua.

— Miaka mitano, mzee? Si kimeshakauka? — aliuliza Injinia.

— Mbegu ya mchicha nayo si kavu? Mwagia maji uone.

Injinia alitafakari, akaafiki.

— Hapo sawa. Ila wahenga walisema damu nzito kuliko maji. Kwa hiyo itakuwa imezama chini sana. Hilo jembe halifiki. Nitakuazima sururu.

— Ngojeni kwanza, — alisema Redio, macho yamemtoka. — Huo mnazi miaka yote mnadhani unakula nini? Si umeshazinyonya seli zote!

Mzee Mashaka aliweka kikombe chini.

— Zimepotea?

— Zipotee ziende wapi? Zimepanda kwenye madafu. Dogo anywe madafu ya mnazi ule ule, sio mwingine.

— Na miaka yote hii aliyekuwa anayanywa ni nani? — aliuliza Injinia.

Mzee Mashaka akajipiga paja.

— Mwenye nyumba! Ndio maana! Babu wa miaka themanini, juzi kaoa, na harusini kacheza singeli mpaka DJ kaomba poo!

— Hizo ni seli za Suhaib, mzee! Zimekwenda kucheza! — alidakia Redio.

— Mwizi mkubwa, — alisema Mzee Mashaka. — Tumpeleke serikali ya mtaa.

— Ya nini? — alikataa Injinia. — Tumtoe damu kidogo kidogo tu, azirudishe. Haba na haba hujaza kibaba!

Walicheka mpaka benchi likayumba. Mzee Mashaka naye alicheka, lakini kichwani alikuwa ameshafika Kawe. Alijua nusu ya maneno yale ni upuuzi mtupu. Ile nusu nyingine ndiyo aliyoing'ang'ania.

Hapo akasimama mama mmoja aliyekuwa akitoka sokoni, akakaza mbeleko yake. Alikuwa Avelina, mpangaji mpya wa nyumba ya pili. Mgongoni alibeba binti mkubwa, miguu imekakamaa.

— Shikamooni. Samahani wazee wangu, nimewasikia. Huyu wangu, Loveness, ana tatizo hilohilo. Hizo seli niliziulizia kliniki. Daktari akaniambia bado wanazijaribu, hazijawa dawa. Na damu yenyewe inachukuliwa mtoto akizaliwa tu, inagandishwa. Kitovu kilichokauka hakina kitu, baba yangu.

Injinia alichungulia ndani ya kikombe chake. Avelina alimwona mzee anavyosinyaa, akamwonea huruma.

— Sie tunafanya mazoezi. Huyu anapenda maputo. Namshikia puto juu kidogo, ananyoosha mkono mpaka alifikie. Kwani Suhaib anapenda nini?

Injinia hakuwa na maelezo. Na Mzee Mashaka, aliyekijua kitovu kilipozikwa, aligundua kuwa hilo halijui. Lilimuuma. Aliinuka, akavuka kichochoro mpaka kwake, akamkuta binti yake Rukaiya anaosha vyombo na Suhaib amelala kwenye mkeka, dirishani.

— Rukaiya mwanangu, hivi huyu anapenda nini?

— Baba nawe! Hujui? Anapenda kelele zenu. Mkianza kubishana huko nje anageuza shingo yake yote dirishani. Leo mlivyocheka, kacheka mpaka kapaliwa. Nilitaka nije niwaambie msinyamaze.

Kicheko kilimtoka Mzee Mashaka, machozi yanamlenga. Kisha akamnyanyua mjukuu wake, akavuka naye kichochoro.

— Injinia, sogea huko, — alisema, akamweka Suhaib katikati yao na kumwegemeza kifuani pake. — Haya. Bishaneni.