Mzee Tochi na Gari Jeusi Lisiloisha

Baada ya miaka thelathini na moja ya kazi, fundi wetu wa kung'arisha rangi za magari, ambaye sote tunamwita Mzee Tochi, anastaafu rasmi Ijumaa hii. Naomba msomaji alizingatie neno "hii". Ratiba ya sherehe imechapishwa mara tatu. Ya kwanza ilisema mwisho wa Machi, ya pili ikasema katikati ya Aprili, na keki zote mbili tulizila wenyewe huku mstaafu akiwa karakana anapiga polishi.

Mimi nakaa mapokezi. Nimepewa wasifu huu niuandike kwa sababu, kwa maneno ya mwenye gereji, mimi ndiye niliyemzoea. Sikumzoea. Nilimvumilia, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Mzee Tochi aliajiriwa kuosha magari. Alishika ndoo na sponji bila kelele mpaka siku alipomuuliza fundi wa zamani kwa nini gari jeusi likisimama juani linaonekana kama limetandwa na buibui. Akajibiwa kwamba hiyo ni mikwaruzo midogo ya duara, inaletwa na vumbi na vitambaa, kwenye gari jeupe wala haionekani, basi aache kujisumbua. Ushauri ule ungetuokoa sote. Hakuufuata.

Kazi yenyewe, kwa wasioijua, ni hii. Gari linaoshwa kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Kingo zinazibwa kwa utepe wa karatasi. Kisha mashine inapita polepole na polishi kidogo, kipande kwa kipande, ikila tabaka la juu kabisa mpaka mkwaruzo ukose pa kukaa. Ukizidisha unafika kwenye rangi yenyewe, na hapo huna la kufanya ila kupaka upya. Mzee Tochi hajawahi kuunguza rangi ya mteja hata mmoja. Hilo nalisema bila kinyongo. Kinyongo changu ni cha mengine.

Fundi mwingine akimaliza, anamaliza. Huyu wetu akimaliza anazima taa za karakana, anawasha tochi, anazunguka gari akiwa ameinama kama aliyeangusha pete, na lazima aone kitu. Mteja nimeshampigia simu, ameshakuja, amekaa mbele yangu anatikisa mguu, kumbe mlango wa nyuma bado. Siku moja mteja alikuwa bwana harusi na gari lilikuwa limeshafungwa riboni. Mzee Tochi alizifungua, akapiga polishi palipokuwa na riboni, akazifunga upya kwa utaratibu. Bibi harusi ametoka amenuna kwenye picha zote. Gari limetoka vizuri.

Sheria yake kuu ni moja: kitambaa kikavu kisiguse gari jeusi. Watu wetu wakiona vumbi hupangusa, tena kwa nia njema, na kila mpanguso ni duara jipya. Aliwahi kumnyang'anya mteja leso yake mwenyewe, juu ya gari lake mwenyewe. Mimi niliweka mkoba kwenye boneti mara moja tu nikitafuta funguo, na nilihutubiwa mpaka chakula cha mchana kikapoa.

Sasa nije kwenye hizi tarehe. Miaka yote hii Mzee Tochi amepanga chumba nyuma ya stendi, na mkewe, ambaye sisi tunamwita Mama, amekaa kwenye nyumba waliyojenga mbali, akalea watoto mpaka wakaoa na kuolewa. Mumewe alikuwa anakwenda likizo tu. Ahadi ilikuwa kwamba akistaafu atarudi nyumbani moja kwa moja. Mama alipaka ukuta rangi, akanunua godoro. Na kwa kuwa simu ya mumewe hulala kwenye droo mashine ikiwaka, habari zote zilipitia kwangu.

Mwezi Machi mstaafu aliomba amalizie gari moja la mwisho, jeusi, la mwenye gereji mwenyewe. Nani angekataa? Jioni lilikuwa kama kioo. Asubuhi akalimulika, miduara imerudi. Akaanza upya. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Mwenye gereji akawa anakuja kazini kwa miguu na akapungua mwili. Mimi ndiye niliyekuwa nampigia Mama kumwambia bado kidogo, naye ananijibu, "Sawa mwanangu," kwa sauti ambayo ilizidi kuwa ndogo kila mara. Maji yalinifika shingoni.

Basi nikawahi kuja, kabla ya wote, nijionee. Nikamkuta mlinzi wetu, mtu mwema asiye na ila, anaimba, na kitambaa kikavu mkononi, analipangusa lile gari kwa mizunguko mikubwa ya mapenzi. Akaniambia hiyo ndiyo zawadi yake ya kumuaga mzee, kwamba kila siku akifika alikute halina vumbi. Sikuwa na moyo wa kumgombeza. Mzee Tochi alipofika tu, nilimkimbilia karakana na ushindi wangu, nikamweleza kila kitu.

Hakushtuka. Aliniambia nifunge mlango. Kisha akakiri kwamba alijua tangu wiki ya kwanza. Alimwona mlinzi kwa dirisha, akarudi nyuma, akamsubiri amalize. Huyo ndiye aliyenihutubia mimi kwa mkoba. Nikamuuliza ana wazimu gani, na jibu lake ananiruhusu niliandike, maana anasema mficha uchi hazai. Alisema katika ndoa yake yote hajawahi kukaa na mkewe zaidi ya likizo. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na yeye kila mara alipanda basi kabla ya kupewa jembe. Hajui mtu anamwambia nini mkewe mwezi wa pili. Hajui hata atakaa kiti kipi.

Nilimhurumia, sitaki kusema uongo. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko huruma, kwa hiyo nikanyanyua simu nikamwambia Mama vilevile nilivyosikia.  Akauliza basi la kwanza linafika saa ngapi.

Alifika Jumanne na begi moja. Hakuja kugombana. Aliomba kuonyeshwa gari, na mumewe akaanza kumwonyesha, ndoo hii, utepe huu, mkwaruzo huu hapa, hapana, inama kidogo, huu. Mama aliinama. Ndoa nzima hakuwahi kuiona kazi iliyomla mumewe, na aliitazama kwa adabu mpaka mwisho. Akasema yeye haoni kitu, anaona gari zuri. Kisha akamwambia, mbele yetu sote tuliojifanya tunafagia, "Hata mimi nakuogopa. Nimezoea kulala katikati ya kitanda. Lakini twende tu, tutabanana."

Mzee Tochi alichomoa waya wa mashine kwenye umeme, akaukunja. Gari la mwenye gereji limetoka jana na miduara yake yote, na mwenyewe anasema hajawahi kuliona linang'aa hivyo.

Mzee wetu, asante kwa kazi isiyo na doa na kwa kutusumbua. Ijumaa njoo mapema, ule keki yako, upande basi na Mama. Tunakutakia siku njema nyingi, na mkigombana, gombaneni, hiyo nayo ni kukaa pamoja. Usiogope kwamba hatakuzoea. Sisi tuliletewa wewe na kazi, hatukuulizwa, na bado tunalia. Yeye alikuchagua.