Dk. Yaqoub Sleyum na Safu Zinazosogea

Tarehe 30 Juni 2025, Dk. Yaqoub Sleyum wa maabara yetu ya fuwele hapa Tanga anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Majirani zake wa Mabawa wajiandae: anahamia barazani na maswali yake yote.

Alikuja kwetu kijana mwembamba kutoka Ngamiani, na baiskeli ambayo hadi leo hamruhusu mtu kuigusa. Akapewa kuchunguza oksidi ya titaniamu, ile inayotia weupe kwenye rangi za nyumba. Ukiichoma kwenye tanuri isiyo na hewa, hupoteza oksijeni na kugeuka samawati nzito. Wageni wakitaka kujua ndani kunatokea nini, huwauliza kama wamewahi kuona safu ya swala mtu mmoja akitoka. Wenzake husogea, pengo likazibika. Atomi nazo hufanya hivyohivyo, ila husogea safu nzima kwa pamoja na kuacha mshono bapa katikati ya fuwele. Kandokando ya mshono zimebanwa na kuvutwa, na humo hukaa nishati, kama kwenye godoro lililokaliwa.

Dai lake kubwa ni kwamba nishati hiyo huifanya mishono isukumane hadi ikae kwa nafasi sawa. Wakaguzi wa jarida walimjibu kwamba mistari aliyoiona ni mikwaruzo tu ya kung'arisha fuwele. Alinuna wiki nzima, hata kahawa hakuionja.

Mwaka huu wa mwisho alitaka fuwele ya kumtoa kimasomaso kabla hajaondoka. Ijumaa moja umeme ukakatika tukiwa msikitini, hewa ikaingia tanurini, fuwele zikanywa oksijeni na kurudi nyeupe pee. Tulimwogopa. Yeye aliguna, akavua koti, akaanza upya. Tangu hapo mwenzetu Dk. Kristina, ambaye ibada yake ni Jumapili, ndiye mlinzi wa tanuri kila Ijumaa.

Mwezi Mei tuliipasua fuwele mpya tutazame ndani, mahali pasipofikiwa na mkwaruzo wowote. Dk. Kristina alitangulia kwenye hadubini.

"Ipo, Mwalimu," akasema. "Nafasi sawasawa."

Mwalimu alitazama kitambo, akavua miwani.

"Basi zimeni tanuri."

Alilia, nasi tukalia naye.

Ametuagiza kwamba kuanzia Jumanne tusogee kwenye meza ya chai, tuzibe pengo lake. Tutasogea, Mwalimu, kwa kuwa umesema wewe. Ahsante kwa yote uliyotufunza; Mola akujaalie afya na raha ya nyumbani. Ila siku ukipita kutusalimia, mshono utauona.