Kiti cha Mama Tena

Inatangazwa, kwa huzuni iliyopigwa pasi na kufungwa vifungo vyote, kwamba Mama Tena, mwanzilishi wa maduka ya mtaa ya vitu vilivyokwisha tumika na adui mkuu wa jalala, hatunaye. Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, fundi cherehani, akiwa ameketi. Sababu itafika.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, kifungua mimba wa dobi na mkewe, katika chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma shule ya msingi ya jirani, akaanza sekondari, akaiacha kidato cha pili baada ya kumweleza mwalimu wa hesabu, mbele ya darasa, kwamba kaptula yake ingetoa mifuko miwili ya sokoni na kitambaa kingebaki.

Mwaka 1976 aliajiriwa kufua nguo hospitalini. Huko alikuta nguo za waliofariki zikisubiri kuchomwa, hazina mwenyewe. Akaziomba. Makoti aliyafua, akayatundika, na kila asubuhi akayasalimia, maana mengine, alisema, yalikuwa bado hayajapewa habari.

Duka la kwanza lilifunguliwa tarehe 3 Februari 1985. Watu walileta, mafundi walitengeneza, majirani walinunua kwa bei ya kuona haya. Mlangoni palikuwa na kiti cha mbao, mali ya mzee aliyekata roho akiwa amekikalia, nacho hakikuuzwa. Aliyetaka kufungua duka kama lile alikikalia kutwa nzima akitazama, na chai hakupewa mpaka ataje kosa moja la mwenye duka. Kisha Mama Tena alikibeba kichwani hadi kwa mgeni wake, akakaa, akataja kosa la duka lao. Ndivyo duka la pili lilivyojifunza kupanga viatu kwa saizi, na la kwanza likajifunza kwa la pili kutengeneza redio mbele ya wateja. Ila la pili liliiga mno. Waliona kiti kinayumba, wakadhani siri imo humo, wakakata mguu mmoja wa kiti chao kizima. Mama Tena alicheka mpaka akatafuta ndoo ya kukalia.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na seremala, aliyeahidi kuurekebisha mguu wa kiti cha mlangoni Jumamosi. Anaahidi mpaka leo.

Agosti mwaka jana moyo ulianza kumchosha. Kiti kikabaki mlangoni bila wa kukibeba. Maduka yakaacha kutembeleana, kila moja likajifungia na makosa yake. La tatu, la karibu na kituo cha mabasi, limesema litafunga mwisho wa mwezi huu. Wote walimngoja mdogo mtu akichukue kiti, naye alikiogopa kama kifo. Kwani tangu dada yake alazwe, kila jioni wateja wakishaondoka, kiti kilibisha sakafuni. Ko. Kimya. Ko. Hakuna aliyekikalia. Na makoti ya hospitalini, yaliyohamia dukani, yalitikisika kidogo kwenye vitundikio, kama watu wanaogeuka kuona nani ameingia.

Alifariki wodini alfajiri ya tarehe 12 Mei mwaka huu. Ameacha mume, mabinti wawili, wajukuu, maduka matatu, mdogo mmoja mwoga, na makoti ambayo mpaka sasa hakuna aliyethubutu kuyaambia. Tunamwombea pumziko la amani, ingawa hakuwahi kulizoea.

Kiti kimeletwa hapa kaburini. Ndicho alichokalia msomaji, na kesho atakibeba hadi kituo cha mabasi. Bado anakiogopa. Lakini jioni ya mwisho wodini alimwinamia mgonjwa, akamnong'oneza kwa sauti ya kanisani, "Dada, kile kiti kinakuita."

Mama Tena alifumbua jicho moja.

"Kina mguu mfupi. Kikalie, kitanyamaza."