Simu Isiyotulia

Mzee wa kiti cha mbele yangu alikuwa akimlalamikia jirani yake kwamba simu yake inakata chaji kabla ya jioni. Bahati yake, jirani alikuwa fundi simu, na fundi hata ndani ya basi yuko kazini.

"Mtandao wa kwako ukoje, baba?"

"Wa kubahatisha."

"Basi betri yako ni nzima. Simu ikikosa mnara haitulii. Inautafuta kutwa kwa nguvu zote, mpaka inajimaliza. Ukifika nyumbani uzime mtandao, uwashe jioni kidogo."

"Na binti yangu akipiga?"

"Huwa anapiga saa ngapi?"

Mzee akatazama dirishani, ingawa nje kulikuwa na ukuta tu. "Hajapiga tangu tumzike mama yake."

Fundi akashusha sauti. "Sasa si ndiyo uizime, baba? Inajichosha bure."

"Mwanangu, nyumba nzima tumebaki wawili, mimi na hii simu. Mimi nimeshachoka kumtafuta. Iache yenyewe iendelee."

Basi likasimama. Mzee akashuka ameinyanyua simu juu, kama mtu anayesimamisha basi jingine.