Anyisile Mwakalobo na Msikilizaji Wake wa Ipinda

Ifikapo tarehe 31 Desemba mwaka huu, Bi. Anyisile Mwakalobo atakuwa ametimiza miaka ishirini na moja ya utumishi katika Redio Lufilyo, na siku hiyohiyo atastaafu kwa hiari akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Angeweza kubaki nasi miaka mitano zaidi. Tulimwomba, tukambembeleza, tukamtuma mpaka mchungaji wake; hakuyumba. Mkurugenzi wetu, Bi. Marystella, ameniagiza niandike ukurasa mmoja wa furaha kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Nitajitahidi, ila furaha yenyewe nimeitafuta wiki nzima na haijatosha ukurasa.

Dada Anyi, kama tunavyomwita, alizaliwa Mwaya, kando ya ziwa, binti wa mkulima wa mpunga, akaanza kwaya kabla hajajua kusoma kitabu cha nyimbo. Alipofika miaka kumi na tisa alijiunga na bendi moja ya Mbeya, na wimbo wake "Dereva wa Kasumulu" ukavuka mpaka bila pasipoti. Ulimsema dereva wa lori anayepiga honi kila anapopita kwa mchumba wake, lakini hasimami. Kwa miezi kadhaa wauza ndizi wa Njisi, pale mpakani, walimzomea kila dereva aliyethubutu kugusa honi. Mmoja, inasemekana, alisimama akaoa.

Kisha zikaja filamu. Alicheza kumi na moja, na katika nyingi alikufa mapema, maana waongozaji waligundua kuwa analala kama maiti kweli. Filamu ya tatu ilipigwa Mwaya. Siku ya kupiga msiba, mwongozaji aliyetoka Dar es Salaam alikuwa na waombolezaji sita wa kukodi, hajui amefika kwa watu gani. Mnyakyusa hapiti msiba kama anavyopita duka. Akina mama waliotoka gulioni walisikia kilio, wakatua mizigo, wakaingia. Muda si mrefu uwanja ulijaa, wengine wamekuja na mchele, kuku na mikungu ya ndizi. Mwongozaji akaona neema, akaendelea kupiga picha. Anyisile alivumilia ndani ya jeneza mpaka pua ikamwasha, akapiga chafya. Watu walikimbia, wakarudi, wakaelezwa. Hawakukasirika kwamba marehemu ni mzima. Walichokataa ni kurudi na chakula, kwa sababu cha msibani hakirudi nyumbani. Kikundi kizima kikakalishwa chini kikala, na kazi ya siku ile ikaishia hapo.

Dar es Salaam walimtaka akakae hukohuko. Yeye akaolewa na Aliko, mkulima wa kakao wa Ipinda, na redio yetu ilipofunguliwa alikuwa wa kwanza kuomba kazi. Tulishangaa nyota mzima kuja kusoma matangazo ya mbolea na ya vifo. Sababu niliielewa baadaye, na ndiyo inayonifanya niandike kwa moyo mzito.

Mimi nimezaliwa kando ya ziwa jingine, Ukerewe, na mila hii nimejifunza ukubwani. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe. Akimwona anakuja njiani, anakatisha migombani, anajifunika khanga, anasubiri apite. Hawali pamoja wala hawakai chumba kimoja. Siku hizi nyumba nyingi zimeiacha. Kwa Mzee Asajile, baba yake Aliko, iliendelea, na aliyeishika kuliko wote ni Anyisile mwenyewe, yuleyule aliyewahi kuruka jukwaani Mbeya na suruali ya ngozi. Mwanzoni nilidhani wana ugomvi. Nikaambiwa ni heshima, tena mzee ndiye shabiki wake mkubwa Ipinda nzima.

Kwenye matamasha mzee hakuweza kuja. Redio, hata hivyo, haina uso. Kila Jumamosi saa kumi jioni Anyisile aliimba mubashara studioni, na kule Ipinda baba mkwe aliketi barazani na redio yake. Jumatatu maoni yake yalifika kwa mdomo wa mama mkwe, Mama Aliko. Ubeti wa pili una haraka. Gitaa linamfunika mwimbaji, lawama ambayo ilikuwa yangu mimi fundi mitambo. Neno fulani halifai kuimbwa watoto wakiwa macho. Anyisile alirekebisha yote bila ubishi, yeye ambaye kwetu sisi alibisha hata saa ya ukutani. Nyimbo mlizozipenda, wengi wenu, zilipita kwanza barazani kwa Mzee Asajile.

Januari mwaka huu mzee, aliyekuwa amevuka themanini, alituma ombi lisilo la kawaida. Alitaka kumsikia mkwe wake, walau mara moja, akiimba bila redio katikati. Wazee wa ukoo wakakaa, na Mzee Hezroni, mdogo wake, akapata njia: ujengwe uzio wa matete uani, mzee akae upande huu, Anyisile aimbe upande ule, nyuso zisionane. Kila mtu aliridhika. Dada Anyi alilia kwa furaha palepale mapokezi, mbele ya mgeni aliyeleta tangazo la msiba, naye mgeni akadhani analiliwa marehemu wake, akashukuru sana.

Kisha akafanya anachofanya kila msanii mzuri, akataka kiwe kizuri. Wapigaji wa bendi ya zamani wakusanywe, mmoja yuko Tunduma, mwingine Karonga. Mimi nilete spika. Masika yapite, mpunga uvunwe, watu wapate nafasi, iwe Julai. Wote tuliona ni busara. Tukasema haraka haraka haina baraka, tukasahau kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Kutoka mlangoni kwake hadi kwa mzee ni kuvuka migomba tu. Jioni yoyote angeweza kusimama humo gizagiza likiingia akaimba ubeti mmoja. Hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiri hilo. Mwezi wa nne, mto ukiwa umemwagikia barabara na magari ya Ipinda yamekwama, Mzee Asajile alifariki.

Mazishini Anyisile aliombwa aimbe. Alifungua mdomo, sauti haikutoka, kwaya ikampokea. Jumamosi iliyofuata alikuja studioni kama kawaida, akavaa hedifoni, akazivua. Tulipiga rekodi. Tunapiga rekodi mpaka leo, na wasikilizaji wanaopiga simu kuuliza tunawaambia ana mafua.

Matanga yalipoanuliwa, Mama Aliko alimwita jikoni. Haya ninayoyaandika ameyaruhusu mwenyewe. Alisema niandike, amechoka kuyabeba. Alimwambia mkwe wake hivi: "Baba yenu alikuwa haisikii redio, mwanangu, huu ulikuwa mwaka wa sita. Yale maneno ya Jumatatu yalikuwa ya kwangu."

Mzee alimsikia mtu akisema karibu na sikio lake, lakini redio kwake ilikuwa imebaki mvumo. Aliko alijua kuwa baba yake ana masikio mazito, ila maoni yalipokuwa yakifika kila wiki, nani angedhani uziwi umefikia kiasi hicho? Mama Aliko alificha kwa kuogopa kwamba binti akijua hasikilizwi tena ataacha kuimba. Anyisile akauliza, sasa baba alikuwa anafanya nini pale barazani kila Jumamosi? Akajibiwa kwamba alikuwa anaweka kiganja juu ya redio. Wimbo ulipokwisha alijua, kwa sababu kiganja kilitulia, na hapo alimgeukia mkewe akasema, "Ndaga," yaani asante, kama vile mkewe ndiye aliyeimba.

Nimekaa kwenye mitambo maisha yangu yote. Laiti ningejua, kila Jumamosi saa kumi ningeongeza besi.

Dada Anyi hakunilaumu mimi wala mama mkwe wake. Tulikuwa tumesimama nje ya studio siku aliyoleta barua ya kustaafu, nami nikamuuliza kama ni huzuni inayomwondoa. Akasema, "Baba alikuwa haombi tamasha, Sospeter. Alikuwa ananiomba nisogee."

Kwa hiyo anaondoka, na mniamini, hakuna tulichomfanyia kibaya. Anasema Ipinda, Mwaya na huko kandokando ya ziwa kuna wazee wengi ambao redio imeshawaacha, wanaitikia kwa adabu tu wanapoulizwa kama wamesikia. Atakuwa akiwafuata majumbani, aketi karibu, aimbe. Hataki bendi, hataki spika, na fundi mitambo hahitajiki. Nilijitolea, nikakataliwa kwa upole. Atakayefuatana naye ni Mama Aliko, ambaye sasa atamkosoa waziwazi, bila kumsingizia mtu.

Inauma kumpoteza, na sitalipamba hilo ili Bi. Marystella apate ukurasa wake wa furaha. Saa kumi ya Jumamosi itakuwa tupu kwa muda mrefu, hata tukimweka nani. Kwa miaka yote hii, kwa nyimbo, kwa vicheko, na kwa kusoma majina ya marehemu wetu taratibu kama vile kila mmoja alikuwa jirani yako, tunakushukuru. Ndaga fijo, Dada Anyi. Mungu akupe siku nyingi na koo lisilochoka. Rekodi tuachie sisi. Wewe sogea.

Sospeter Mafuru
Fundi mitambo, Redio Lufilyo