Mdogo Wangu Alisamehewa

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi viatu na mkunga. Mimi ninayesoma ni dada yake. Mama alikuwa akisema mtoto huyu alikuja duniani akipiga kelele na hakuona sababu ya kunyamaza.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1980. Sekondari alifukuzwa kidato cha pili, na mnajua ni kwa sababu ya mdomo. Shangazi yetu akamfundisha kushona, na mwaka 1987 akafungua chumba chake nyuma ya kituo cha mabasi. Wengi mlimwita Cherehani, kwa kazi yake na kwa kuwa maneno yake hayakukata uzi. Bi harusi mmoja alilalamika kwamba gauni linambana. Marehemu akamjibu, "Gauni halijabadilika, mwanangu. Aliyebadilika ni wewe." Kisha akalifumua na kulipanua bila kinyongo.

Sasa ndoa. Naona mmekaa vizuri kwenye viti. Mwaka 1994 mume wangu aliondoka nyumbani kwangu na sanduku moja, akahamia kwa marehemu. Walifunga ndoa ya serikali Desemba 1995, wakajaliwa binti mmoja. Mwanamume huyo alifariki mwaka 2011. Nimelisema mwenyewe, kwa sauti, ili mtu asijichoshe kunong'ona.

Agosti 2019 kwaya ya kanisa hili ilimpa kazi ya sare. Jumapili moja alikuja kupunguza mikono ya mavazi, ibada ikamkuta kiti cha nyuma na pini mdomoni. Mchungaji akahubiri kwamba msamaha wa Mungu hutolewa bure. Marehemu akatoa zile pini, akasema kwa sauti, "Bure? Mchungaji, usitudanganye!" Mlicheka. Yeye hakucheka. Alirudi Jumapili iliyofuata bila kazi yoyote, na Pasaka ya mwaka uliofuata akabatizwa.

Wiki ile ile alikuja mlangoni kwangu, mara ya kwanza tangu mwaka ule wa sanduku. Akasema, "Dada, wanasema nimesamehewa. Mimi siamini. Nimekuja kukuuliza wewe." Nilimwambia aende. Akaenda. Akaanza kusugua sakafu ya kanisa kila Jumamosi, kwa magoti, peke yake. Na hapo ninyi mlimpenda! Mlimsifu kwa unyenyekevu. Mlipita na viatu vyenu penye maji na hakuna aliyemshika mkono.

Nilikaa na swali lake hadi likaninyima raha. Jumamosi moja nikaja, nikamkuta karibu na madhabahu, vidole vimechubuka. Nikamnyang'anya ndoo.

"Mdogo wangu, inuka. Mungu amekusamehe. Na mimi nimekusamehe. Sasa huyu unayemsugulia sakafu ni nani?"

Alilia mpaka nikaogopa. Kesho yake tuliketi pamoja, benchi la mbele.

Basi ndipo mlipokasirika. "Anakaa mbele kama bibi harusi!" Mlisogeza mikoba yenu. Aliposimama kutoa ushuhuda, mama mmoja wa kamati ya kanisa, na yupo hapa, alisema, "Akae chini, historia yake tunaijua." Marehemu akamjibu, "Hata mimi naijua, mama. Ndiyo iliyonileta."

Ninawauliza mbele ya jeneza hili: nani aliwapa hasira zangu mzitunze? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kile kitanda nilikilalia mimi, kilio kilikuwa changu, na mimi nilishafuta machozi. Ninyi mnamlilia nani?

Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Wodini tulikuwa mimi, binti yake na mke wa mchungaji. Kamati haikuja. Ilituma neno tu, kwamba anavuna alichopanda. Nilipomweleza kwa hasira, alinishika mkono. "Waache, dada. Neema ni ngumu kumeza. Hata mimi ilinikwama." Kisha akaongeza, "Usiwaseme kwenye mazishi yangu."

Nikamwambia hilo siliahidi.

Alifariki Ijumaa, tarehe 9 Juni 2023, mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Hakuwa na hofu. Alisema anakwenda nyumbani, na alilisema kama mtu mwenye ufunguo.

Ameacha binti mmoja ambaye ni fundi umeme, mjukuu mmoja, wanangu wawili, waliokuwa wamerudi kumwita mama mdogo, na dada. Kwenye ratiba ya mazishi mtu aliniandika "mke mwenza". Nimelikata kwa kalamu. Ni dada.

Mdogo wangu, lala kwa amani uliyopewa bure. Na asiyeridhika nayo, asimsumbue marehemu. Aje kwangu.